Mama Aliyesimama Kusoma Vifo

Kuna watu huamka na njaa. Mimi huamka na safari. Asubuhi ile nilifunga nyumba ya marehemu mama, nikaficha ufunguo chini ya jiwe la kunolea panga, nikachukua kikapu na khanga mbili, nikashika njia ya kushuka. Sikuwa na mpango. Nilijua tu kwamba sitalala pale tena wiki ile.

Penye mstari wa masale, mimea ya mpaka inayotenganisha kihamba chetu, shamba letu la migomba, na cha jirani, nilimkuta jirani mwenyewe naye anatoka. Mimi nashuka, yeye anapanda kwenda redioni, fimbo mkononi, kwa mwendo wa mtu anayejua atasubiriwa.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Safari?"

"Safari."

"Ya wapi?"

"Bado sijajua."

Akanitazama kama anavyotazama tangazo lisilo na jina la aliyelileta. "Haya. Ukifika huko usikokujua, sikiliza kama tunafika. Mafundi wanasema mwisho wetu ni Kahe. Mimi siamini."

Hata kutangatanga kwangu alitaka kuwe kazi ya redio yake! Nilimwitikia kwa adabu, lakini nilishuka mlima nimeudhika, nikajiapia kwamba nitakwenda mpaka nipate mahali ambapo sauti yake haifiki. Njia ilikuwa ndefu, nami peke yangu, kwa hiyo nilishinda nikimfikiria yeye. Nimeshinda nikimfikiria yeye karibu maisha yangu yote.

Jina lake sitalitaja, wala huku mlimani halitumiki sana. Tunamwita Msomaji. Alisoma matangazo ya vifo katika redio yetu ndogo, ile iliyoanzishwa na parokia pamoja na wakulima ndani ya ghala la kahawa, siku zile serikali iliporuhusu redio za watu. Alisoma pia salamu, mikutano ya mfereji na ng'ombe waliopotea. Lakini aliheshimiwa kwa vifo.

Sauti yenyewe haikuwa nzuri. Nalisema hili kwa haki, ingawa wivu ninao. Ilitokea puani, na ilibeba lafudhi nzima ya Kichagga bila kuona haya. Vijana wa redio, wale waliojifunza kuongea kama wamekulia Dar es Salaam, walimwigiza wakacheka. Ikifika saa moja jioni hakuna aliyewataka hao. Mlima mzima ulinyamaza. Mwenye kukata majani ya ng'ombe aliweka panga chini. Kwenye vilabu vya mbege, pombe yetu ya ndizi, watu walishika vibuyu vyao bila kunywa.

Salamu na ng'ombe alivisoma amekaa. Vifo alivisoma amesimama.

"Mwenzako amelala moja kwa moja, wewe umekaa kitako unamtaja?" alimwambia kijana mmoja aliyemuuliza sababu. "Simama, mwanangu. Siku yako nasi tutasimama."

Kiti chake kilikuwa cha chuma, miguu hailingani, na alipokisukuma nyuma kilikwaruza sakafu ya saruji kwa mlio wa kuumiza meno. Mafundi wakamletea cha mbao; akakirudisha. Sisi tuliowahi kumchungulia dirishani tulijua maana ya mkwaruzo ule. Wasikilizaji wengine walidhani ni mitambo imezeeka.

Wivu wangu naweza kuuonyesha ulipozaliwa. Shule niliiacha darasa la sita. Sikuwa mjinga, nilikuwa nauliza sana, na barabara ilinijibu haraka kuliko mwalimu. Safari yangu ya kwanza ndefu nilipita Holili, nikavuka mpaka, nikafika Voi, nikafika Mombasa, nikafua nguo za watu, nikauza nyanya, nikaona meli. Niliporudi niliingia jikoni kwa mama na habari zote zimejaa kifuani, wala sikujua nianzie wapi. Mama alifurahi sana kuniona. Akanishika mashavu. Halafu redio ikakohoa, naye akainua mkono.

"Nyamaza kwanza. Mama anasoma."

Nikakaa juu ya kigoda na bahari yangu mdomoni mpaka ikapoa.

Kilichonikera zaidi ni kwamba mwanamke huyu hajawahi kwenda popote. Gari lilimtapisha hata likiwa limesimama. Moshi mjini alishuka kwa miguu siku ya sikukuu tu, akapanda kwa miguu. Lakini aliijua nchi kwa sababu ya matangazo. Kila anayeleta tangazo hueleza njia: ukishuka hapa, upite pale, nyumba ya bati jekundu. Basi nikirudi kutoka huku na huku aliniita kwenye masale anihoji.

"Kule Holili, wale wauza ngozi wamehama?"

"Wauza ngozi gani, mama?"

"Si umepita?"

"Nimepita."

"Basi umepita," alisema, akaendelea kuchambua maharage.

Nilichokuwa nacho mimi pekee duniani ni kwamba nimefika mahali. Naye alikinyang'anya akiwa amevaa kandambili uani kwake.

Msinielewe vibaya, hakuwa mtakatifu. Alikuwa mchoyo wa mipaka. Mwaka mmoja mgomba wa mama uliinama, mkungu ukaning'inia ng'ambo ya masale. Msomaji akaukata, akaupika kiburu, ndizi na maharage. Mama akamfuata huku amejifunga khanga kiunoni.

"Mgomba wangu!"

"Mgomba ni wako, nani amekataa? Mkungu umenitembelea."

"Mkungu una miguu?"

"Uulize, umekuja wenyewe."

Waligombana mpaka jua likapanda, wakakumbushana makosa ya wakwe zao waliokwisha kufa. Jioni, redioni, kwa sauti ileile ya puani: "Na salamu zimwendee jirani yangu mpenzi wa ng'ambo ya masale. Ndizi zake ni tamu mno." Mama alicheka mpaka akajifuta machozi. Mimi ningekata mkungu wa mtu ningeitwa mwizi hadi ubatizo wa wajukuu wangu.

Sasa niseme jambo ambalo mtu mwenye wivu angependa kuliruka. Kuna wakati nilipotea. Nilikuwa Kenya, sikuandika barua, na basi moja la njia ile likapinduka. Habari ikafika nyumbani kwamba nilikuwa ndani. Baba mdogo, ambaye kwake jambo bora ni lile lililokwisha, akaamua nizikwe. Mwili haupo? Litazikwa shina la mgomba, kama ifanywavyo kwa mtu aliyepotelea mbali, mama yake apate mahali pa kulilia. Akaenda redioni na tangazo.

Msomaji akamuuliza, "Nani amemwona?"

"Basi limepinduka, mama. Nchi nzima inajua."

"Habari za basi nimezisikia. Yeye nani amemwona?"

"Hakuna."

"Na kaburi limechimbwa?"

"Tunasubiri utangaze."

"Sisomi kaburi lisilochimbwa. Wala msilichimbe la mtu asiyeonekana. Rudi nyumbani, baba, ukampe shemeji yako chai."

Bila tangazo hakuna msiba, maana nani atakuja? Shauri likafa, mimi nikaishi. Nilipotokea baada ya miezi mingi, nimenenepa kidogo hata, mama alianguka magotini kwenye matope. Halafu, akiwa bado amenikumbatia, aliniambia niende nikamshukuru jirani. Nilikwenda. Msomaji alinipa uji, akaniangalia nikinywa, akasema, "Mwone. Nilikukatalia kifo, na wewe unakuja na viatu vyenye tope ndani kwangu." Tangu hapo, popote tulipokutana na watu, alinitambulisha hivyo: huyu ndiye niliyemkatalia kifo. Watu wakacheka, wakampongeza yeye.

Ajabu ni kwamba mwanamke mwenye msimamo huo ndiye aliyetangaza kifo cha uongo kikubwa kuliko vyote vilivyowahi kutangazwa mlimani. Kama ni uongo. Bado sijaamua.

Kahawa ilikuwa imeshuka thamani. Wanunuzi binafsi walikuja na mizani yao na malori yao, chama cha ushirika kikakauka kama mfereji uliokatwa juu. Mwisho chama kikauza ghala lake kwa tajiri mmoja wa Moshi mjini, mzaliwa wa huku huku juu, aliyetaka kuweka duka la vifaa vya ujenzi. Redio ilikuwa ndani ya ghala hilo. Ikaambiwa ihame, na hakukuwa na pa kuhamia. Mnara wenyewe ulikuwa umechimbiwa ukutani. Vijana wa redio wakaandika malalamiko kwa wakubwa. Padri akaomba. Tajiri akasema Jumatatu atakuja na kufuli lake.

Asiye wa huku anaweza kuona ni jambo dogo. Lakini kwetu mtu huzikwa nyumbani kwake, katikati ya migomba yake, na watoto wake wametapakaa: mmoja Kahe analima mpunga, mwingine Himo anauza mitumba, mwingine sijui wapi, kama mimi. Simu ilikuwa moja, ya parokia, nayo ilifungwa kufuli. Redio ikinyamaza, mama wa mtu angezikwa na mtoto wake yuko sokoni anabishania bei ya vitunguu.

Mimi nilikuwa nimerudi kupumzika, kwa hiyo niliona mwanzo. Alhamisi asubuhi Msomaji alikwenda na wanaume wa jirani mpaka chini ya mnara, akachora ardhini kwa fimbo.

"Chimbeni."

"Tuchimbe nini, mama?"

"Kaburi. Urefu wa mtu mzima. Mnajua sisomi kabla."

"Nani kafa?"

"Chimbeni, nitawaambia jioni pamoja na wengine."

Wakachimba. Jioni, saa moja, nikiwa jikoni na mama, nilisikia kiti kikikwaruza. Kisha akasoma, bila kucheka, kama alivyosoma vyote: anasikitika kutangaza kifo cha redio yenu, kitakachotokea katika ghala la kahawa, maziko Jumamosi saa nane mchana, mahali hapo hapo, habari ziwafikie ndugu na jamaa wote wa Kahe, Himo, Holili, Moshi mjini, na popote walipo. Akakaa. Nilisikia hata kukaa kwake.

Mama alikuwa ameshika kifua. "Amesema maziko Jumamosi?"

"Mama, redio haifi."

"Amesimama au amekaa?"

"Amesimama."

"Basi kuna msiba. Kesho tukate mkungu."

Hapo ndipo lilipotokea kosa ambalo lingeweza kutokea kwa watu wetu tu. Walikuja kweli. Mtu wa huku hawezi kusikia maziko akabaki nyumbani. Atasemwa mpaka kwenye maziko yake mwenyewe. Walikuja na mikungu kichwani, maziwa kwenye vibuyu, mbege kwenye mapipa. Waliotoka Kahe walileta mchele, na wanawake wao waliingia uani wakilia kabisa, wamefunga vitambaa, wanatafuta jeneza waliangukie. Walutheri walikuja na kwaya yao, Wakatoliki walikuwa na yao, nusura wagombanie nani aanze.

Mzee mmoja alinivuta mkono. "Binti, maiti iko wapi?"

"Ni ile pale, meku," nikamwambia kama tunavyowaita wazee, nikamwonyesha mnara.

Akautazama juu mpaka chini. "Mbona bado amesimama?"

"Anaanguka Jumatatu."

"Ala!" Akakaa. "Basi tutamsubiri."

Mwingine, mwenye ulimi, akamwendea Msomaji mbele za watu. "Mama, si wewe husomi mpaka maiti ionekane?"

"Hii nimeiona," alijibu. "Nimekaa nayo chumba kimoja. Wewe uliyeisikia tu ndiyo maana unauliza."

Watu walilala pale, na kesho yake wakawepo, na Jumatatu wakawepo. Wakati wa matanga hakuna kumdai mtu, humfukuzi mtu, hufungi mlango wa mtu. Hilo hata mtoto analijua. Na Msomaji hakutangaza mwisho wa matanga. Kila jioni alisoma kwamba msiba unaendelea.

Tajiri alifika Jumatatu na gari lake na kufuli lake. Akakuta uwanja umejaa watu waliokaa kwenye majani ya migomba. Alikuwa mtoto wa huku huku. Nilimwona akivua kofia kabla hajafikiri. Msomaji akamletea kibuyu cha mbege kwa mikono miwili.

"Pole na msiba, baba."

"Mama, mimi nimekuja kwa shughuli nyingine."

"Leo hakuna shughuli nyingine. Kaa unywe."

Akakaa. Angefanya nini? Akanywa, akiangalia shimo. Ndipo kikongwe mmoja akatoka upande wa wapishi, mikono imejaa utomvu wa ndizi, akamsimamia mbele. Alikuwa mama yake mzazi, aliyekuwepo pale tangu Jumamosi.

"Na wewe umekuja kuzika?"

"Mama, shikamoo. Ulifikaje huku na miguu yako?"

"Nimekuuliza. Umekuja kuzika? Mimi nikifa, nani atanisoma? Utanibandika kwenye mfuko wa saruji?"

Hakuna aliyecheka. Hata wenye ulimi waliinama. Tajiri alizungusha kibuyu mikononi, akakizungusha tena, kisha akamuuliza Msomaji kwa sauti ndogo chumba cha redio kina ukubwa gani. Ikaishia hapo. Duka likakaa mbele, redio ikabaki chumba cha nyuma, na kwa mara ya kwanza tangu Alhamisi Msomaji akausoma msiba ule akiwa amekaa: matanga yameondolewa.

Shimo likabaki. Wazee walisema kaburi lililochimbwa halifukiwi tupu, basi wakang'oa mgomba na kuufukia. Waling'oa na tunguu lake, ukachipua, ukazaa. Nani angekula ndizi za kaburini? Msomaji alizila. Alisema ni laini.

Siku ile ya tajiri nilikuwa nimesimama nyuma kabisa, karibu na mapipa. Watu walikuwa wamelishuka bonde na kulipanda kwa ajili ya sanduku lenye nyaya, kwa sababu mwanamke mmoja aliwaambia. Nikawaza kaburi langu lingekuwaje, lile la shina la mgomba la baba mdogo. Wangekuja wangapi? Wangekuja, najua. Lakini wangekuja kwa sababu yeye amesoma.

Na nisiposema hili nitakuwa mwongo: redio ile ikanifaa kuliko mtu yeyote. Mwaka jana nilikuwa Himo, nimesimama kwenye kibanda cha mkaanga chipsi, sina habari na lolote. Redio ya kibandani ikakwaruza. Kijana wa chipsi akaipiga kofi. Nikamwambia, usiipige, amesimama. Kisha nikasikia jina la mama yangu. Alilisoma polepole, na mwishoni akaongeza ambalo halikuwa kwenye tangazo lolote: "Binti yake, popote ulipo, weka chini ulichoshika. Tunakusubiri." Nilikuwa nimeshika sahani. Niliiweka. Walinisubiri kweli; nilitupa udongo kaburini kwa mkono wangu mwenyewe. Na baada ya maziko, waombolezaji waliposhuka, walikuwa wanaambiana jinsi Msomaji alivyosoma vizuri.

Hayo ndiyo niliyotembea nayo siku nzima ile. Vumbi la saruji limemharibu kifua siku hizi, anakohoa kati ya majina, na kuna waliomwambia apumzike. Anawajibu kwamba maiti hana haraka, ila wenye maiti wanayo. Nilifika Moshi mjini, sikusimama. Nilipata lori la mchanga mpaka Kahe, na Kahe pia sikusimama. Mafundi walisema mwisho ni pale, basi nikaupita mwisho. Nikavuka mashamba ya mpunga, nikavuka mto kwenye daraja la magogo, nikaingia nchi kavu ya miiba ambayo sijawahi kuikanyaga. Mlima ulikuwa mgongoni, mdogo, kofia yake nyeupe ikigeuka rangi kwa jua la jioni. Nikafurahi. Hapa, nikasema, hata akipiga kelele hafiki.

Kijiji kilikuwa na nyumba chache za udongo na moja ya matofali. Mwenye ile ya matofali, mama mjane, hulaza wafanyabiashara wa vitunguu. Nilibisha hodi.

"Karibu, dada. Lakini vyumba vimejaa."

"Hata pembeni, mama. Nina khanga zangu."

"Wanaume watupu humo. Jaribu shuleni, labda mlinzi..." Akainua mkono. "Nyamaza kwanza. Mama anasoma."

Redio ilikuwa dirishani, waya wa antena umefungwa kwenye mti wa miiba. Sauti ilikuja na kuondoka, kama mtu anayeongea huku anakunja kona, lakini ilitokea puani na ilikohoa. Alikuwa anasoma ng'ombe. Nikasimama pale mlangoni na vumbi langu la kutwa. Kisha ikaja ile kelele, mkwaruzo mrefu.

"Hii redio imechoka," yule mama akasema, akanyoosha mkono aigonge.

Ningenyamaza. Nilitaka kunyamaza. Lakini ni jambo moja tu ambalo mimi nilikuwa nalo na yule mama hana, na sikuweza kuliacha lipite.

"Si redio. Ni kiti. Amesimama. Sasa ni kifo."

Na kweli kikawa kifo, cha mzee fulani wa Marangu. Tulisikiliza mpaka mwisho. Yule mama alikuwa ananitazama mimi badala ya dirisha.

"Umejuaje?"

"Ni jirani yangu," nikasema. "Tumetenganishwa na masale."

"Huyu? Huyu mama mwenyewe?" Alikwisha kuinuka. Aliita ndani, akahamisha nguo zake kitandani kwake, akatandika shuka safi, akaniletea maji ya moto ya kuoga na mtindi. Alitaka kujua anakaaje, ni mrefu au mfupi, ana watoto, kweli hula ndizi za kaburini kama wauza vitunguu wasemavyo? Nikamjibu yote. Nilimjibu vizuri, nakiri; hakuna amjuaye kuliko mimi.

Halafu nikapanda kitandani. Godoro lilikuwa zuri. Nilililalia kwa hasira.